Mawe ya Korongoni: Jinsi ya Kulisoma Bonde la Kijito kwa Miguu Huko Marangu

Mtu ashukaye katika mojawapo ya makorongo ya Marangu mwezi wa Februari, wakati mvua za vuli zimekwisha na masika hayajaanza, huona jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halieleweki. Maji ni kidogo. Yanapita baina ya mawe kwa utulivu, hayafiki magotini, na mtoto aweza kuyavuka bila kulowanisha nguo. Lakini mawe yenyewe ni makubwa. Mengine yana ukubwa wa kiti, mengine wa meza, na hapa na pale jabali moja kubwa kama gari dogo limekaa katikati ya kijito, nalo limeviringika pande zote. Maji haya hayawezi kulisogeza jabali hilo hata kwa unene wa unywele. Ni nini, basi, kilicholileta hapo?

Jibu la swali hili limo korongoni humo humo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, mwenye utepe wa kupimia, saa, na ujuzi wa kutafuta kipeuo cha pili, aweza kulipata mwenyewe. Na jibu hilo hilo ndilo limwambialo mwalimu mahali pa kuwasimamisha wanafunzi wake na mahali pa kutowasimamisha kamwe. Katika makala haya, kwa hiyo, elimu ya miamba na usalama wa wanafunzi vitaelezwa pamoja, kwa sababu katika korongo ni somo moja.

Mlima uliojengwa kwa matabaka

Marangu imejulikana duniani kwa sababu ya kilele. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu ya Kibo, mmoja wa watu wanaosemekana kuwaongoza mlimani alikuwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, na tangu siku hizo macho ya wageni wapitao hapa huelekea juu. Mwanafunzi wa jiolojia atapata faida kubwa zaidi akitazama chini.

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira upande wa magharibi, Mawenzi upande wa mashariki, na Kibo katikati. Shira ndiyo kongwe. Ilianza kulipuka miaka ipatayo milioni mbili na nusu iliyopita. Mawenzi na Kibo zilifuata, miaka ipatayo milioni moja iliyopita. Mawenzi ilizimika zamani, na tangu hapo mvua, barafu na baridi zimeichonga mpaka ikawa na ncha na kuta za kutisha tunazoziona leo. Marangu iko kusini-mashariki ya mlima, chini ya Mawenzi na ya uwanda wa juu unaoiunganisha na Kibo. Pembeni mwa milima hiyo mikubwa vilizuka vilima vidogo vya volkano zaidi ya mia mbili. Shimo la Maundi lililo karibu na kituo cha Mandara ni kimojawapo, na Ziwa Chala lililo mpakani na Kenya limekaa ndani ya kingine.

Volkano haijengi mlima kwa kitu cha aina moja. Wakati mmoja hutoa zaha, yaani mwamba ulioyeyuka utiririkao kama uji mzito. Wakati mwingine hurusha majivu na vipande vya mawe. Kisha hunyamaza kwa maelfu ya miaka, udongo ukafanyika na miti ikaota, mpaka zaha nyingine ije kuufunika. Ukuta wa korongo ni kama ubavu wa keki iliyokatwa kwa kisu. Mwanafunzi akiusoma kutoka juu kwenda chini aweza kukuta zaha nyeusi au ya kijivu yenye nyufa za wima; chini yake utepe mwekundu, ambao ni udongo wa kale uliochomwa na joto la zaha iliyoulalia; na chini ya huo majivu yaliyoshikamana, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha.

Nyufa za wima zastahili kuangaliwa kwa makini. Zaha ikipoa husinyaa, na ikisinyaa hupasuka, kama tope la dimbwi likaukalo kiangazi. Nafasi iliyopo kati ya ufa na ufa ndiyo iamuayo ukubwa wa jabali wakati wa kuzaliwa kwake. Maji yakipita juu ya zaha ngumu iliyolala juu ya tabaka laini, huanguka kwa kishindo na kulichimba tabaka la chini. Zaha ya juu hubaki ikining'inia kama ukingo wa paa, na mwisho hukatika penye nyufa zake. Poromoko hurudi nyuma hatua moja kuelekea mlimani, korongo hurefuka kwa hatua hiyo, na rundo la majabali mapya, yenye kona kali, hulala chini ya ukuta. Aendaye kutazama maporomoko ya Kinukamori, karibu na Marangu Mtoni, au yale ya Kilasiya, asiyatazame maji peke yake. Atazame ukingo wa juu na mawe yaliyo chini, ajiulize yapi yametoka wapi.

Jiwe lililoanguka na jiwe lililoletwa

Hapa ndipo kazi ya kusoma huanza, kwa kuwa si kila jabali lililo mtoni limeletwa na mto. Jiwe lililoanguka kutoka ukutani lina kona kali na nyuso bapa. Mara nyingi liko karibu na ukuta wenyewe, na ukitazama juu waweza kuona pengo lililotoka, ambalo rangi yake ni mbichi kuliko ya mwamba ulioko pembeni. Jiwe lililoletwa na maji limesagwa na wenzake njiani, na kona zake zimekwisha. Kadiri lilivyosafiri mbali ndivyo lilivyo mviringo.

Dalili ya pili ni namna mawe yalivyolala. Mafuriko yanapopungua nguvu, mawe bapa hayaachwi ovyo. Huegemeana kama vigae vya paa, kila moja likiinamia upande maji yatokako, ncha yake ya juu ikielekea yaendako. Mlalo huu ndio ulio imara kuliko mingine yote, kwa kuwa maji yakilipiga jiwe huzidi kulikandamiza chini. Mwanafunzi akiyakuta mawe yamepangika hivyo, na ajue kwamba anayaona mafuriko yalipoishia.

Dalili ya tatu ni uhai ulio juu ya jiwe. Jiwe lisilosogea kwa miaka mingi huota mabaka ya kijivu, ya kijani au ya rangi ya machungwa yaitwayo likeni, na katika kivuli cha korongo hata mimea midogo hushika juu yake. Jiwe jeupe, safi, lililokwaruzwa, lilisafiri hivi karibuni. Mwalimu akiwauliza wanafunzi, "Ni jiwe gani kubwa kuliko yote ambalo halina likeni?", amewauliza bila kutaja mafuriko: maji ya miaka hii ya karibuni yalikuwa na nguvu kiasi gani?

Hesabu ya jabali

Tuifanye sasa hesabu yenyewe, maana ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Jiwe likiwa ndani ya maji yaendayo, kani mbili zashindana. Ya kwanza ni msukumo wa maji. Huu hutegemea eneo la uso wa jiwe, yaani kipeo cha pili cha kipenyo chake, na hutegemea pia kipeo cha pili cha kasi ya maji. Ya pili ni msuguano uzuiao jiwe lisisogee. Huo hutegemea uzito wa jiwe, na uzito hutegemea ujazo, yaani kipeo cha tatu cha kipenyo. Jiwe huanza kusogea pale kani hizo mbili zinapolingana. Tukiandika kipenyo kuwa d na kasi kuwa v, basi v² × d² hulingana kwa uwiano na d³. Tukigawanya pande zote kwa d², twapata kwamba v² huongezeka kwa uwiano na d.

Tusisahau kanuni ya Archimedes. Zaha ya kawaida ina uzito wa mara 2.7 hivi ya maji ya ujazo ule ule. Kwa hiyo jiwe lililozama hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na hii ndiyo sababu mtoto aogeleaye huweza kuinua chini ya maji jiwe asiloweza kuliinua nchi kavu. Tukiingiza jambo hilo katika hesabu, pamoja na kadirio la kawaida la msuguano na umbo la mviringo, twapata kanuni rahisi ya kukumbuka: kasi iwezayo kulisogeza jiwe, kwa mita kwa sekunde, ni karibu mara 5 ya kipeuo cha pili cha kipenyo chake kwa mita.

Jiwe la sentimita 4, yaani mita 0.04, huhitaji maji yaendayo mita 1 kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa mtu atembeaye polepole. Jiwe la sentimita 25 huhitaji mita 2.5 kwa sekunde. Jabali la kipenyo cha mita 1, lenye uzito wa tani 1.4 hivi, huhitaji mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu akimbiaye mbio za kutosha. Mtu akilitazama jabali hilo la mviringo mwezi wa Februari, likiwa limezungukwa na maji ya kufika kifundoni, anatazama ushahidi kwamba siku moja maji yalipita hapa kwa kasi hiyo, yakiwa na kina cha kulifunika au kukaribia kulifunika.

Kuna tokeo la ajabu zaidi. Ikiwa kipenyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, basi tungamo la jiwe, ambalo hutegemea kipeo cha tatu cha kipenyo, huongezeka kwa kipeo cha sita cha kasi. Mwingereza William Hopkins, mtaalamu wa hesabu wa Cambridge, alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1840. Maana yake ni hii: kijito kiwezacho leo kusukuma jiwe la kilo 1, kasi yake ikiongezeka mara mbili tu, chaweza kusukuma jiwe la kilo 64. Masomo yangu ya juu niliyafanyia Ulaya, na mito niliyopimishwa huko ni mito mizee, ipitayo kwa upole katika nchi tambarare. Nadhani ndiyo maana vitabu vyetu vya jiografia, ambavyo kwa muda mrefu viliiga vya huko, huieleza kazi ya mto kama kazi ya subira, chembe baada ya chembe. Kwa vijito vya Kilimanjaro maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Hapa kijito hukaa miezi mingi bila kufanya kazi ya maana, kisha katika saa mbili za usiku mmoja hufanya kazi ya miaka.

Kanuni yetu ina mipaka, na mwalimu aiseme mbele ya darasa. Jiwe lililokwama kati ya mawe mengine huhitaji nguvu zaidi. Na maji yakichanganyika na tope zito hayawi maji tena. Tope lenye uzito wa mara mbili ya maji hulipunguzia jiwe karibu robo tatu ya uzito wake, na jabali huelea nusu nusu kama gogo. Nchi yetu iliyaona hayo Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, pale mvua kubwa ilipomegua sehemu ya mlima huo wa volkano na tope lenye mawe na miti likateremka makorongoni hadi mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mawe yaliyobaki katika mitaa ya mji ule yalikuwa makubwa kuliko ambavyo maji matupu yangeweza kuyaleta.

Mvua isiyoonekana

Watu wengi huamini kwamba vijito vya Marangu ni maji ya barafu ya Kibo. Barafu hiyo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Vijito havikupungua kwa kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya maji yake hutoka katika mvua na ukungu wa msitu. Katika ukanda wa msitu wa upande wa kusini hunyesha kiasi cha milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka, wakati mji wa Moshi, ulio kilomita chache tu kusini-magharibi na chini zaidi, hupata chini ya 1,000.

Tofauti hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mtu aliye korongoni karibu na Marangu Mtoni aweza kuwa juani, anga juu yake ikiwa ya samawati, huku mvua ya mawe ikipiga Mandara. Kutoka Lango la Marangu, lililo kwenye mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, njia ina urefu wa kilomita 8. Tuchukue kwamba kijito kina urefu kama huo na mafuriko husafiri mita 3 kwa sekunde. Mita 8,000 zikigawanywa kwa 3 ni sekunde 2,667, yaani dakika 44. Huo ndio muda wote ambao korongo hukupa, na dakika nyingi kati ya hizo zitapita kabla hujaona dalili yoyote.

Tukadirie na wingi. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni meta za ujazo 1,000. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwa saa moja katika eneo la kilomita za mraba 5, nayo robo tu ikatiririka saa ile ile, zitateremka meta za ujazo 50,000, ambazo ni karibu 14 kwa kila sekunde. Korongo lenye upana wa mita 4 haliwezi kupitisha maji hayo bila kujaa hadi kifuani au zaidi.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa msiba, tena mara mbili katika korongo moja. Ol Njorowa, katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ni korongo jembamba lililochongwa katika miamba laini ya volkano na maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka Ziwa Naivasha enzi za kale, ziwa hilo lilipokuwa kubwa zaidi. Siku nyingi za mwaka sakafu yake karibu ni kavu, na watu hutembea humo kwa furaha. Mwezi wa Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini. Tarehe 1 Septemba 2019 watu wengine saba walikufa humo humo kwa namna ile ile. Si wazembe wale. Waliingia mahali ambapo kuta zilikuwa zimekwisha kusimulia habari zote, lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kuzisoma.

Namna ya kutembea

Mwalimu achague miezi ya ukame: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Aanze asubuhi, kwa kuwa mawingu ya mlima hukusanyika alasiri, na awe ametoka korongoni kabla ya saa saba mchana. Kabla ya kushuka aulize habari za mvua ya usiku uliopita kwa watu wakaao juu zaidi, si kwa wakaao pale pale; siku hizi simu moja yatosha. Mtu mmoja abaki juu ya ukingo akitazama mlima na kijito.

Ndani ya korongo swali la kwanza si "twende wapi?" bali "tutatokea wapi?" Kila mita hamsini hivi mwalimu aonyeshe kwa kidole mahali ambapo darasa zima laweza kupanda juu ya alama za mafuriko. Alama hizo ni rahisi kuzitambua: majani makavu na vijiti vilivyonaswa katika matawi, magome ya miti yaliyochubuliwa upande wa juu wa kijito, mstari ambao chini yake mwamba hauna likeni. Mahali ambapo hakuna pa kupandia, darasa lisiingie, hata kama poromoko zuri liko hatua thelathini mbele. Naamini kabisa kwamba sharti hili moja, likifuatwa, lina faida kuliko kamba na kofia zote.

Kukanyaga nako kuna elimu yake. Mawe makavu yenye likeni hushika mguu. Mawe meusi yanayong'aa kwa unyevu yana mwani, na huteleza kama sabuni. Jiwe lolote, hata kubwa, lijaribiwe kabla ya kubebeshwa uzito, maana majabali yaliyoachwa na mafuriko ya mwaka jana mara nyingi hukaa juu ya ncha tatu tu. Katika mteremko wa mawe wanafunzi wasifuatane mmoja chini ya mwingine. Wapite mshazari, au mmoja mmoja huku wengine wakisubiri pembeni. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kandambili ziachwe nyumbani.

Kuhusu kuvuka maji, hesabu itasema vizuri kuliko onyo. Miguu miwili iliyozama nusu mita hukabili maji kwa eneo la meta ya mraba 0.15 hivi. Maji yaendayo mita 1 kwa sekunde huisukuma kwa nyutoni 80 hivi, na mtu husimama bila taabu. Kasi ikifika mita 2 kwa sekunde, kani hufika nyutoni 330. Sasa mwanafunzi wa kilo 45 ana uzito wa nyutoni 440. Juu ya mawe yenye utelezi msuguano huenda usifikie hata nusu yake, yaani 220. Ataanguka, awe hodari awe dhaifu. Kwa hiyo maji yakifika magotini na kwenda kasi kuliko mtu atembeavyo haraka, hayavukwi. Yanapovukika, yavukwe penye upana, ambapo ni haba na ya polepole, mtu akiuelekeza uso wake yatokako maji na kushika fimbo kama mguu wa tatu. Asivuke juu ya poromoko hata siku moja, wala asijifunge kamba kiunoni, kwa kuwa kamba iliyokazwa na maji humzamisha aliyefungwa.

Na maji yakibadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, au majani mabichi na vijiti vikaanza kupita kwa wingi, au mlio wa kijito ukawa mzito kuliko ulivyokuwa, hakuna la kujadili. Daftari na utepe viachwe hapo hapo, watu wapande.

Wenye elimu ya korongo

Kabla ya vyuo vyetu kuwako, walikuwako watu wa Marangu waliojua kulisoma korongo kwa sababu maisha yao yalilitegemea. Mifongo, ile mifereji ya Wachaga ichukuayo maji kutoka juu ya korongo na kuyapitisha kwa mteremko mdogo sana ubavuni mwa magenge hadi vihambani, haikuchimbwa kwa kubahatisha. Aliyechagua mahali pa banio, yaani pale maji yanapokingwa na kugeuzwa, ilimpasa kujua mafuriko hufika wapi, jabali lipi halisogei, na ukuta upi hauanguki. Banio lenyewe lilijengwa kwa mawe, magogo, migomba na udongo wenye nyasi. Masika yakilibomoa, watu wa mfongo walikusanyika na kulijenga upya. Wahandisi wengine wameyacheka mabanio hayo kwa udhaifu wake. Mimi nayaona kuwa ya busara: ukuta wa migomba hubomoka na kuyaacha mafuriko yapite, na gharama yake ni kazi ya siku chache.

Mwalimu, basi, asiingie korongoni kabla ya kupiga hodi kwa mwenye kihamba na kwa wazee wa mfongo. Hiyo ni adabu, nayo pia ni utafiti. Mzee aliyetengeneza banio mara nyingi aweza kuonyesha jabali ambalo halikuwapo alipokuwa kijana. Juu zaidi, ndani ya msitu, ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kupanuliwa mwaka 2005 ikauchukua msitu wenyewe. Huko kibali cha hifadhi chahitajika.

Kazi ya darasa

Chagueni vituo vitatu kando ya kijito kimoja: kimoja karibu na msitu, cha pili katikati ya vihamba, cha tatu chini kuelekea Himo, ambako mteremko hupungua. Katika kila kituo pimeni mawe kumi makubwa ya mviringo yasiyo na likeni. Kila jiwe lipimwe urefu, upana na kimo, na upimo wa katikati kati ya hiyo mitatu uchukuliwe kuwa kipenyo. Tafuteni wastani wa mawe kumi, kisha kasi kwa kanuni ya hapo juu. Pimeni pia kasi ya maji ya siku hiyo: tupeni chungwa majini, mhesabu sekunde linazotumia kupita mita 10. Andikeni kasi hizo mbili zikiwa bega kwa bega. Tofauti baina yake ndiyo itakayowashangaza wanafunzi, na nimeona ikiwashangaza hata walimu.

Mazoezi. Jabali la mviringo lina kipenyo cha sentimita 64; ni kasi gani iliyoweza kulisogeza, na uzito wake ni kilo ngapi ikiwa kila meta ya ujazo ya zaha ina kilo 2,700? Kasi ya kijito ikiongezeka mara tatu, uzito wa jiwe liwezalo kusukumwa huongezeka mara ngapi? Mwisho, nendeni kwenye barabara iliyo karibu na shule yenu inapovuka kijito. Pimeni upana wa tundu la kalavati au uwazi wa daraja. Kisha pandeni juu kidogo ya barabara, mpime jiwe kubwa kuliko yote lililoviringika na lisilo na likeni. Je, jiwe hilo litapita? Na kama halitapita, maji yaliyo nyuma yake yataelekea kwenye nyumba zipi?